Kabla hujamponda: jinsi ya kumjua mdudu rafiki na mdudu adui kwenye bustani ya viungo

Watu wengi wakiona mdudu kwenye mrehani au nanaa yao swali la kwanza ni nipulize dawa gani, wakati swali lilitakiwa liwe huyu ni nani na anafanya nini hapa. Kwenye bustani ya viungo hili jambo lina uzito kuliko kwingine, kwanza majani yenyewe ndo tunayakula, mengine mabichi kabisa, kwa hiyo chochote unachopuliza kinaishia mdomoni, na pili mimea hii ikichanua inaita wadudu wa kila aina, ukipuliza ovyo unaua nyuki na walinzi wako (wadudu wanaokula wadudu waharibifu) kwa mkupuo mmoja alafu wadudu waharibifu wanarudi wiki inayofuata wamejaa tele na hakuna wa kuwazuia.

Na shida kubwa wala sio kutomjua nyuki, nyuki kila mtu anamjua (au anadhani anamjua, tutafika hapo). Shida ni watoto. Wadudu marafiki wengi wakiwa wadogo wana sura za kutisha au za kinyaa, hawafanani hata chembe na wazazi wao, na ndo hao wanaopondwa kila siku na watu wenye nia njema kabisa. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye watoto, wakubwa nitawapitia haraka haraka.

Anza na jani, mdudu baadaye

Mdudu anaruka, anajificha, anajidondosha chini akajifanya amekufa, lakini alichokifanya kinabaki palepale. Soma jani kwanza. Kuna wanaotafuna na kuna wanaofyonza. Anayetafuna anaacha tundu au ukingo uliolika. Anayefyonza haachi tundu, anaacha jani limepauka, lina vidoti vidogo vidogo vyeupe au vya njano, au limejikunja, au ukilishika linanata vidole.

Ukikuta matundu tafuta kinyesi. Kiwavi anakula sana na anakunya sana, vile vipunje vyeusi au vya kijani kizito vinadondokea majani ya chini, we anzia pale vilipodondoka upande na macho juu taratibu, utamkuta amelala sambamba na kikonyo, rangi ileile ya mmea. Konokono na koa hawana vipunje hivyo ila wanaacha mstari wa ute uliokauka unaong'aa asubuhi. Kama kuna matundu alafu hakuna kinyesi, hakuna ute, hakuna mdudu, usikate tamaa wala usikimbilie dawa, rudi na tochi saa moja au mbili baada ya giza kuingia. Bustani ya usiku ni nyingine kabisa.

Miche iliyokatwa shingo usawa wa udongo, imelala chini bado ya kijani, hiyo ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita mbili tatu tu, utamkuta amejikunja mduara, mnene, rangi ya udongo, analala mchana anakata usiku. Mstari mweupe unaopindapinda ndani ya jani nao una mwenyewe, ni buu mdogo sana anayeishi katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani. Linyanyue jani lielekeze kwenye mwanga, mstari unaanza mwembamba na kuishia mpana kwa sababu yeye anakua huku anakula, na pale mwisho wa upana ndo alipo, mbonyeze hapohapo kwa vidole viwili, kazi imeisha, dawa ya kupuliza juu haimfikii kirahisi hata hivyo.

Sasa kuna alama moja inayowapa watu hasira za bure. Unakuta pembeni mwa jani kipande kimeondolewa kwa duara safi kabisa, kingo hazina mchubuko, unasema huyu ni nani tena. Huyo ni nyuki mkata majani. Hali jani, analibeba, anaenda kulizungushia vyumba anavyotagia mayai ndani ya mashimo ya miti au mabua matupu. Ni mchavushaji mzuri sana na mmea hautikisiki. Muache akate.

Vifaa vyenyewe havina makuu: lenzi ya mkono inayokuza mara 10 (kamera ya simu ikikuzwa inasaidia pia), karatasi nyeupe, tochi, na chupa ndogo ya kuonea ndani yenye kifuniko ya kumuweka mtu mahabusu kidogo wakati unamwangalia.

Nyuki, na anayejifanya nyuki

Mdudu ana michirizi ya njano na nyeusi, yuko kwenye ua la giligilani, basi kila mtu anasema nyuki. Mara nyingi sio. Ni inzi wa maua, yule anayesimama hewani papo hapo bila kwenda mbele wala nyuma, alafu ghafla anahamia pembeni na kusimama tena. Hana mwiba, hawezi kukuuma hata umshike, amevaa tu nguo za mwenzake ili ndege wamuogope. Mwingereza mmoja, Henry Walter Bates, ndo alieleza ujanja wa namna hii mwaka 1862 baada ya kukaa miaka mingi Amazoni akiangalia vipepeo, kwamba mnyama asiye na silaha anajifananisha na mwenye silaha na anaishi kwa jina la huyo mwingine.

Vitabu vinasema hesabu mabawa, inzi ana mawili na nyuki ana manne. Ni kweli, ila kwa mdudu aliye hai kwenye ua hiyo haikusaidii sana maana nyuki akiruka bawa la mbele na la nyuma vinashikana kwa vindoano unaona kama mawili tu. Angalia uso. Inzi ana macho makubwa yaliyojaa karibu kichwa chote, na vipapasio vyake ni vifupi mno, unaweza ukadhani hana. Nyuki macho yake yako pembeni, vipapasio virefu vilivyopinda kama kiwiko. Ukizoea uso huhitaji tena kuhesabu kitu.

Nyigu yeye ana kiuno chembamba, mwili unang'aa, manyoya machache, na akitua mabawa yake mara nyingi anayakunja kwa urefu yanakuwa membamba. Nyuki ana manyoya, na manyoya hayo ndo yanabeba chavua. Hata mahali anapoibeba panakuambia ni nyuki gani: nyuki wa asali anaipakia kwenye miguu ya nyuma, unaona vifurushi viwili vya njano au vya machungwa, wakati yule mkata majani anaibeba chini ya tumbo, akiinama unaona tumbo lote limepakwa unga. Kuna na nyuki seremala, lile jitu jeusi kubwa lenye kelele, tumbo lake limepara linang'aa, anatoboa mbao. Dume lake likikujia usoni na kusimama hewani mbele yako kama linataka ugomvi, tulia tu, nyuki dume hana mwiba. Dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki na wengi wao hawaishi kwenye mizinga wala hawana malkia, ni mama mmoja na shimo lake, kwa hiyo usitegemee wote wafanane na yule wa kwenye chupa ya asali.

Ua lenyewe nalo linakuchagulia mgeni. Mrehani, nanaa, taimu, rozimeri na lavenda maua yao yana kijimrija, nekta (yale maji matamu ya ua) iko ndani, kwa hiyo wanaokuja ni wenye ulimi mrefu, nyuki na vipepeo. Giligilani, shamari, dili na pasli maua yao ni madogo sana yamepangwa kama mwavuli, nekta iko wazi juujuu, na hapo ndo utawaona inzi wa maua na nyigu wadogo ambao mdomo wao ni mfupi. Hii ni habari nzuri sana kwa mwenye bustani maana hao wa kwenye mwavuli ndo wazazi wa walinzi nitakaowataja chini. Kaa pembeni ya maua jua likishapasha lakini kabla halijawa kali, kivuli chako kisiangukie ua, subiri dakika chache bila kujitikisa, watarudi.

Wale wanaofyonza

Vidukari, wengine wanawaita wadudu mafuta, ndo utakaowakuta zaidi. Wanakaa kwenye ncha changa na chini ya majani, wamesongamana. Rangi isikudanganye, kuna wa kijani, weusi, wa njano, wa pinki, wa kijivu, kuna karibu aina 5,000. Chukua lenzi uangalie nyuma ya mwili wake, mdogo mlaini umbo la peari, milimita moja mpaka tatu hivi, kule nyuma juu ya matako kuna vijimrija viwili vimechomoza. Hiyo ndo sahihi yake. Katikati yao utaona vitu vyeupe vikavu vimetapakaa watu wanadhani ni mdudu mwingine, hapana, ni magamba wanayovua wakikua. Majani ya chini yananata kwa sababu vidukari wanakunywa utomvu mwingi na kutoa sukari iliyozidi kwa nyuma, na juu ya sukari hiyo baadaye inaota kuvu nyeusi kama masizi. Ukiona masizi kwenye jani angalia jani la juu yake, mkosaji yuko huko.

Kwanini wanajaa haraka hivi? Jike hahitaji dume, anazaa watoto hai, na ndani ya tumbo la mtoto anayezaliwa tayari wajukuu wameshaanza kutengenezwa. Charles Bonnet wa Geneva alilithibitisha hilo mwaka 1740 kwa kumfungia kidukari mmoja peke yake tangu kuzaliwa na kukesha akimwangalia mpaka akazaa. Wakishasongamana sana ndo wanazaliwa wenye mabawa, wanahamia mmea mwingine. Kwa hiyo kidukari mwenye mabawa kwenye nanaa yako ni taarifa, kundi liko karibu.

Inzi weupe huna haja ya kuwatafuta, tikisa mmea, wananyanyuka kama vumbi jeupe alafu wanarudi palepale. Watoto wao wako chini ya jani, bapa, wametulia kama vigamba vya uwazi, wala hutadhani ni wadudu. Utitiri ni mdogo mno, nusu milimita, na sio mdudu kabisa, ana miguu minane, ni jamii ya buibui. Jani linaonekana limepigwa vidoti vya kupauka kila mahali, hali ikizidi unaona utando mwembamba kwenye makutano ya majani, anapenda joto na ukavu. Hapo ndo karatasi nyeupe inafanya kazi: weka chini ya tawi, gonga tawi mara kadhaa, subiri. Vidoti vikianza kutembea unaye. Wanaotembea polepole ndo walaji wa mmea, ukiona kimoja kinakimbia sana kwenye karatasi huyo anaweza kuwa utitiri mwindaji anayewala hao wengine, usimfute.

Vithiripi ni wembamba kama nyuzi, na jani wanalofyonza linabaki na mabaka ya rangi ya fedha yenye vinukta vyeusi juu yake, hivyo vinukta ni kinyesi chao. Wale vijipanzi wa majani, wadogo, wenye umbo la kabari, ukigusa jani wanakimbia kwa upande au kuruka, ndo wanaoipausha rozimeri, seji na nanaa kwa vidoti vyeupe, inaonekana vibaya lakini mmea mkubwa unavumilia. Povu kama mate kwenye kikonyo, ndani yake kuna mtoto wa mdudu mfyonzaji amejificha, mwagie maji yaishe, sio wa kumpigia kelele. Uvimbe wa kahawia usiotembea kwenye shina la rozimeri, kwangua kwa ukucha, ukibanduka na chini pana majimaji huyo ni kidugamba. Kitu cheupe kama pamba kwenye makutano ya matawi ni vidung'ata. Na kama mimea yako iko kwenye vyungu alafu vijinzi vyeusi vinaruka kila ukimwagilia, shida ni udongo unaolowa muda wote, acha sehemu ya juu ikauke kwanza kabla hujamwagilia tena.

Watoto wenye sura mbaya

Hapa ndo penyewe. Ledibadi mkubwa, yule mdogo wa mviringo mwekundu au wa machungwa mwenye madoa meusi, kila mtu anampenda na kumpiga picha. Mtoto wake sasa. Ni mrefu, mweusi au wa kijivu iliyoiva, ana mabaka ya machungwa au ya njano mgongoni, vijimiiba, miguu sita ya mbele imetanuka, anatembea kama mamba mdogo juu ya jani. Mtu akimuona anasema huyu lazima anakula mmea, anamponda. Kumbe huyo mtoto anakula vidukari kuliko hata baba yake, mpaka amalize kukua anakuwa ameshawala mamia. Muangalie kwa lenzi akila: anamshika kidukari kwa mbele, anamnyanyua, yule anarusha miguu kidogo, alafu anamfyonza na kumtafuna mpaka inabaki ngozi, dakika chache tu anahamia kwa jirani ambaye wala hajashtuka.

Akishiba kukua anajigandisha kwenye jani kwa mkia na kujikunja, anakuwa kitu cha machungwa chenye madoa kisichotembea, watu wanadhani ni ugonjwa au kinyesi cha ndege wanakibandua. Hiyo ni pupa, hatua ya katikati kabla mtoto hajawa mkubwa, ukiigusa inaweza ikainuka na kulala tena. Iache siku chache. Na mayai yake ni ya njano, marefu, yamesimama wima yamepangwa pamoja chini ya jani, karibu na vidukari, kwa sababu mama anatagia palipo na chakula. Mayai ya njano yaliyosimama karibu na kundi la vidukari usiyafute.

Nguvu ya hawa jamaa sio hadithi za bustani za nyumbani. Mwaka 1888 aina moja ya ledibadi kutoka Australia ilipelekwa California ambako vidugamba vyeupe vilikuwa vinaangamiza miti ya michungwa, na ndani ya muda mfupi mashamba yakapona. Mpaka leo ndo mfano unaotajwa kwanza wa kutumia mdudu kumdhibiti mdudu.

Mtoto wa inzi wa maua ni mbaya zaidi kwa sura. Hana miguu, hana kichwa cha kueleweka, ni funza mwenye ncha upande mmoja, wa kijani au wa kahawia, saa nyingine anaonyesha matumbo kwa ndani, amelala katikati ya vidukari kama koa mdogo. Kila mtu anamuona kinyaa. Tofauti yake na kiwavi ni rahisi, kiwavi ana kichwa kigumu kinachoonekana na ana miguu, huyu hana vyote viwili. Usiku na asubuhi anapapasa huku na huku na ile ncha mpaka agonge kidukari, anamnyanyua hewani anamnyonya. Anaacha michirizi myeusi kama lami kwenye jani, na yai lake ni moja moja, jeupe, refu, limelazwa kwenye kundi la vidukari. Ukiona yai jeupe moja hapo, tayari askari yuko njiani.

Yule mdudu wa kijani kibichi mwenye mabawa ya uwazi yenye mishipa kama wavu na macho ya dhahabu, anayekuja kwenye taa usiku, anataga mayai ya ajabu kuliko yote: kila yai liko juu ya uzi mwembamba uliosimama kwenye jani, kama pini. Ukiyaona hutayachanganya na kitu kingine. Mtoto wake ana taya mbili zilizopinda kama mundu na anakimbia sana, na baadhi wanajibebesha mgongoni mizoga ya waliowala na takataka nyingine, kwa hiyo ukiona kipande cha uchafu kinatembea kwenye shina usikipige.

Alafu kuna wale nyigu wadogo wa milimita mbili tatu, hutawaona wenyewe mara nyingi, utaona kazi yao. Kwenye kundi la vidukari unakuta mmoja amevimba, amekuwa mviringo, rangi ya kahawia ya dhahabu, mkavu kama karatasi, hatikisiki. Nyigu alimtagia yai ndani, mtoto amemla kwa ndani, na akikomaa anatoboa tundu la duara mgongoni anatoka. Ukiwakuta vidukari wa namna hiyo kadhaa, acha kupuliza dawa. Kwenye watoto wa inzi weupe kuna nyigu anayewageuza weusi kabisa, ni habari njema ileile. Na ukimkuta kiwavi amebeba vifuko vidogo vyeupe mgongoni au pembeni yake, watu wanasema hayo ni mayai yake tumuue kabla hayajaanguliwa, hapana, viwavi hawatagi mayai, wanaotaga ni vipepeo na nondo. Hivyo ni vifuko vya watoto wa nyigu waliotoka mwilini mwake. Yeye ameshakwisha, hali tena cha maana, na vifuko hivyo vinatoa nyigu wengine wa kuwashughulikia viwavi waliobaki.

Kwenye udongo geuza jiwe au ubao. Mbawakawa weusi wanaong'aa wanaokimbia kwa kasi ni wawindaji wa usiku, wanakula sota na mayai ya koa. Tandu ni mwindaji, ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili na mbio nyingi (anauma, usimshike), jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi na yuko taratibu, anakula vilivyooza. Kwa ujumla anayekimbia anawinda na anayejikokota anakula mimea au uozo, sio sheria ya kuapia lakini kwa kuanzia inasaidia sana.

Wenye sura mbili

Vunjajungu anasifiwa mno. Anakula chochote anachokamata, pamoja na nyuki na inzi wa maua, na anapenda kukaa hasa kwenye maua wanakokuja. Mimi simuui ila simhesabu kwenye timu. Nyigu wakubwa wanaojenga viota vya karatasi wanawinda viwavi kwa wingi kulisha watoto wao, kwa bustani ni wazuri, kwa mlango wa nyumba ni hatari, kiota kikiwa mbali na njia kiache.

Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina hawali mmea. Wanafuata ile sukari ya vidukari, na wanawalinda wafugwa wao, wanawafukuza ledibadi na nyigu. Kwa hiyo msururu wa sisimizi ufuate mpaka juu, utakukabidhi kundi la vidukari au vidugamba, na ukiwazuia sisimizi wasipande walinzi wanapata nafasi.

Hata kwa ledibadi kuna wasaliti. Kati ya aina zake karibu 6,000 wachache wanakula majani, na utawajua kwa mgongo usiong'aa, una vinyweleo vifupi, madoa mengi, na jani walilopita linabaki kama wavu. Wanapenda zaidi jamii ya maboga, viazi na maharage kuliko viungo, lakini bustani nyingi zimechanganyika.

Na viwavi wa vipepeo. Kwenye shamari, dili na pasli sehemu nyingi za dunia wapo viwavi wa vipepeo wakubwa wenye mikia kwenye mabawa. Mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa wa kijani na michirizi myeusi yenye madoa, na ukimgusa anachomoa pembe mbili za machungwa nyuma ya kichwa zinazonuka. Anakula kweli, ila wanakuwa wachache, na akitoka hapo ni mchavushaji. Panda shina moja la shamari la ziada uwahamishie huko, mkasi unatosha, kata kijitawi alichokalia ukiweke pale, atahama mwenyewe.

Ukishamjua, sasa

Mara nyingi jibu ni kusubiri. Vidukari wanafika kwanza, walinzi wanafuata baada ya siku kadhaa maana hawawezi kuja pasipo na chakula, na watu wanapuliza dawa hasahasa katikati ya hapo, siku walinzi wanataga. Geuza majani kadhaa kwenye kila mmea, ukiona mayai ya njano, funza asiye na miguu au vidukari waliokauka, mpe wiki nzima. Usipoona mlinzi hata mmoja na ncha zimeanza kujikunja, piga maji ya nguvu chini ya majani asubuhi, kidukari akidondoka ni nadra kurudi. Ikishindikana, sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko cha chai kimoja au viwili kwa lita moja, jaribu jani moja kwanza maana majani laini kama ya mrehani yanaungua, puliza jioni nyuki wakishaondoka, alafu suuza kabla ya kuvuna. Sabuni inaua anayelowa tu na ikikauka haina nguvu, ila inamlowesha mtoto wa ledibadi pia, kwa hiyo elekeza kwenye kundi, sio bustani nzima.

Dawa ya bakteria inayoitwa Bt, ile ya viwavi, inaua viwavi tu wanaokula jani lililopulizwa, ila na wa kipepeo unayempenda nao ni viwavi. Na isipofanya kazi hesabu miguu minene ya nyuma, ile laini, sio ile sita ya mbele yenye kucha: kiwavi wa kweli hazidi jozi tano, ukihesabu sita au zaidi huyo ni mtoto wa jamii fulani ya nyigu anayekula majani na Bt haimhusu, mtoe kwa mkono. Mitego ya njano ya kunata nayo iwe ya kupimia tu, wiki moja uone nani yupo, ukiiacha muda wote inawanasa hata nyigu wadogo na inzi wa maua. Programu za simu za kutambua wadudu kama iNaturalist zinasaidia sana kwa wakubwa, kwa mayai na mabuu chukua jibu lake kama dokezo, piga picha ya juu, ya pembeni na ya jani lenyewe alilokalia.

Acha shina moja moja la mrehani na la giligilani lichanue hata kama unataka majani, bila maua wazazi wa walinzi hawana cha kunywa na hawatakaa. Na unapovuna ukikutana na jani lenye vidukari wa dhahabu waliokauka usilitupe jalalani, likate na kikonyo chake ulichomeke kwenye mmea mwingine ambao bado una vidukari wazima, uliangalie kila asubuhi kwa lenzi mpaka kila kimoja kiwe na tundu la duara mgongoni, hapo ndo unaweza kulitupa.